Kuzima na Kuwasha si Tiba

Miongoni mwa rai zilizokita mizizi katika ofisi zetu za kompyuta, huko Dar es Salaam na Nairobi na katika kila mji ambao mishahara, ada za shule na bili za umeme hupita siku hizi ndani ya seva, iko moja iliyokubaliwa na wakubwa kwa wadogo pasi na kudaiwa ithibati yake, nayo ni kwamba hitilafu ya muunganisho baina ya programu na hifadhidata, ikiwa ni ile ya kuja na kuondoka, haina haja ya kutafutiwa chanzo. Seva ikilemewa mwisho wa mwezi, simu ya mteja ikaandika kwamba huduma haipatikani, kisha baada ya dakika chache mambo yakarejea, husemwa kuwa mtandao ulisumbua. Na yasiporejea yenyewe, seva huzimwa na kuwashwa, taarifa ya mistari miwili ikaandikwa, na kila mtu akarudi kwenye shughuli yake. Naipinga rai hiyo, kwa sababu naiona batili katika kila hoja inayoitegemeza, na kwa sababu hasara yake huwaangukia watu wasiojua hata kwamba rai hiyo ipo.

Insafu yataka wenye rai wasikilizwe kwanza. Wao husema kwamba mtandao kwa tabia yake si wa kuaminika, na kosa linalotoweka lenyewe haliwezi kukamatwa. Kwamba kuwasha upya kunafanya kazi mbele ya macho ya wote, na dawa inayoponya haihojiwi. Kwamba hifadhidata ikikataa wateja, ni wazi kuwa mlango ni mwembamba na wapaswa kupanuliwa. Na kwamba programu iliyoandikwa vyema hujaribu tena na tena hata ikapita. Chini ya hoja hizo nne iko ya tano, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote: biashara haingoji, na fundi anayechunguza hali wateja wanapiga kelele anawadhulumu. Mtu aliyewahi kukaa zamu ya usiku, simu ya mkuu wake ikilia kila baada ya dakika mbili, anajua kwamba hizi si hoja za wapumbavu. Ni hoja za watu waliochoka, nazo zastahili kujibiwa moja moja.

Kwanza: kwamba mtandao ndio mkosa

Mtandao hukatika, na hilo halina mpinzani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania, Kenya na majirani zao wakaonja adha ya intaneti iliyodorora. Lakini na itazamwe namna balaa hilo lilivyojidhihirisha: liligusa mabenki, magazeti, shule na nyumba kwa wakati mmoja, likatangazwa hadharani, na chanzo chake kikajulikana. Hitilafu tunayoizungumza hapa hutokea baina ya seva ya programu na seva ya hifadhidata ambazo aghalabu zimo katika jengo moja, pengine katika kabati moja, zikiunganishwa na waya wa mita chache usiopita baharini wala barabarani. Kuutaja mtandao juu ya safari fupi kama hiyo, bila ya kuonyesha ni swichi gani, ni poti gani, na ni pakiti ngapi zilizopotea, ni kutoa tuhuma bila ya shahidi.

Na hata pale ambapo kasoro imo kweli katika njia ya kati, kasoro hiyo ina wakati wake, na wakati huo husomeka. Hifadhidata ya MySQL, isipobadilishwa na mwenyewe, hufunga muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28,800, yaani saa 8. Ofisi ikiacha kazi saa 12 jioni, miunganisho yake itafungwa saa 8 usiku, huku programu ikiendelea kuamini kwamba ingali nayo mkononi. Na saa 2 asubuhi mteja wa kwanza atapata kosa, wa pili atapata kosa, na baada ya hapo wote watapita salama mchana kutwa. Lango la kupitishia mawasiliano katika mawingu ya Amazon hutupa kumbukumbu ya muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 350, ilhali Linux, kwa desturi yake, hungoja sekunde 7,200 kabla ya kutuma ishara ya kwanza ya kuuliza kama upande wa pili ungali hai; katika tofauti ya namba hizo mbili hufia miunganisho mingi ambayo ncha zake zote mbili hazina habari ya msiba. Kuchelewa kwa sekunde 5 kamili, tena na tena, ni alama ya seva ya majina isiyojibu, kwa kuwa huo ndio muda ambao Linux hungoja kabla ya kuuliza mara ya pili. Basi fundi anayeandika saa, dakika na sekunde ya kila kosa kwa muda wa wiki moja huwa na ushahidi ambao mwenzake aliyeandika neno moja tu, mtandao, hatakuwa nao hata baada ya miaka kumi.

Kisa cha GitHub, kampuni ya kuhifadhi misimbo ya programu, cha tarehe 21 Oktoba 2018 chatosha kuonyesha kwamba kuutaja mtandao si mwisho wa maelezo. Siku hiyo, wakati wa matengenezo ya kawaida, mawasiliano kati ya kitovu cha mtandao wao na kituo chao kikuu cha data, vyote viwili katika pwani ya mashariki ya Marekani, yalikatika kwa sekunde 43 tu. Huduma ikadhoofika kwa saa 24 na dakika 11. Waya ulipona kabla ya mtu kumaliza kusoma onyo la kwanza. Kilichobaki ni hifadhidata zao za MySQL ambazo uandishi wake ulikuwa umehamishiwa pwani ya magharibi kwa nguvu ya chombo kinachojiendesha, zikawa kila upande una maandishi ambayo upande mwingine hauna. Lau wangetosheka na kusema kwamba mtandao ulikatika kisha ukarudi, wangekuwa wamesema kweli juu ya sekunde 43 na kunyamaza juu ya siku nzima.

Pili: kwamba kuwasha upya kunaponya

Hapa ndipo rai hii inapofanya uharibifu mkubwa, kwa kuwa inaharibu ushahidi na kuuita uharibifu huo tiba. PostgreSQL, hifadhidata nyingine kama MySQL, ina orodha iitwayo `pg_stat_activity`, ambayo kwa amri ya mstari mmoja huonyesha kila muunganisho uliopo saa hiyo: umetoka kwa nani, kwenye mashine ipi, muamala wake ulianza lini, kama unangoja kufuli, na amri yake ya mwisho ilikuwa nini. Mchana wa siku ya mishahara, katika hifadhidata moja ya malipo, orodha hiyo ilijaa safu zenye hali ileile: muamala umefunguliwa, hakuna amri inayotekelezwa, na amri ya mwisho ni ya kusoma salio la mteja. Programu ilikuwa imefungua muamala, ikasoma salio, kisha, ikiwa bado imeushika muunganisho, ikaenda kubisha hodi kwenye mitambo ya kampuni nyingine na kungoja jibu. Mitambo ya jirani ilipokuwa myepesi, hakuna aliyeona kitu. Ilipozorota, kila mteja akakaa na muunganisho wake bila ya kuutumia, na waliokuja nyuma wakakataliwa mlangoni.

Sasa na tufikiri kilichotokea kila mara seva hiyo ilipozimwa na kuwashwa. Orodha ikafutika, makufuli yakaachiliwa, na kwa muda huohuo mitambo ya jirani ikapata nafuu kwa sababu zake yenyewe. Sifa akapewa aliyebonyeza kitufe, na mstari ule wa programu ukabaki palepale ukingoja mwisho wa mwezi unaofuata. Dawa ya kweli ilikuwa ni kuhamisha mistari michache, muamala ufungwe kabla ya kwenda nje, pamoja na kuweka kikomo cha muda ambacho PostgreSQL imekuwa nacho tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016, nacho huukata muamala uliokaa bure. Lakini kikomo hicho huja kikiwa kimezimwa, na hakiwezi kuwashwa na mtu asiyejua kwamba ana haja nacho.

Fauka ya hayo, kuwasha upya kuna gharama yake saa ileile. Data iliyokuwa imepashwa ndani ya kumbukumbu ya hifadhidata hutoweka, na maombi ya mwanzo hulazimika kuchimba diski. Programu zote zilizotupwa nje hurudi kubisha kwa pamoja, na katika PostgreSQL kila anayeingia huundiwa mchakato wake mpya wa mfumo endeshi. Kwa upande wa MySQL, hesabu zake za ndani, mathalani idadi ya juu ya miunganisho iliyowahi kufikiwa na idadi ya waliojaribu kuingia wakashindwa, huanza tena katika sifuri. Mtu aliyefanya hivyo mara nne kwa mwezi amejinyima mara nne nafasi ya kujua, kisha atasema kwamba kosa hili halieleweki.

Tatu: kwamba mlango upanuliwe

PostgreSQL huja ikiwa imeruhusu miunganisho 100, na MySQL 151. Ujumbe wa kwamba wateja wamezidi ukionekana, mkono hukimbilia kikomo kiitwacho `max_connections`. 100 huwa 500, na 500 huwa 2,000, na hakuna anayeuliza miunganisho hiyo inafanya nini humo ndani.

Hesabu yake ni ya kale na nyepesi. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kwamba wastani wa walio ndani ya mahali popote ni sawa na kasi ya wanaoingia ikizidishwa na muda anaokaa kila mmoja. Na nusu karne kabla yake Agner Krarup Erlang, katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alikwisha kuanza kupiga hesabu ya laini zinazohitajika kwa wingi wa simu na urefu wa mazungumzo. Chukua seva inayopokea maombi 200 kwa sekunde, kila moja likishika muunganisho kwa sehemu 20 za elfu za sekunde: miunganisho inayotumika kwa wastani ni 4. Sasa kila ombi na lishike muunganisho kwa sekunde 2, ama kwa kuwa linamngoja jirani, ama kwa kuwa jedwali limekua na faharasa haikuwekwa: yatakiwa miunganisho 400. Wateja hawakuongezeka hata mmoja. Kilichozidi ni muda wa kukaa, nao umezidi mara mia; na muda ukirejea ulivyokuwa, idadi hurudi kwenye 4, kosa likatoweka, nasi tukaambiwa kwamba limeondoka bila ya sababu. Kikomo cha 500 hununua uvumilivu wa sekunde 2 na nusu. Kuchelewa kukifika sekunde 3, kosa litarudi lilelile, na seva itakuwa imebeba mzigo mara tano ya awali.

Mzigo huo si wa maneno. Kazi ya hifadhidata hufanywa na viini vya kichakato na diski, na hivyo haviongezeki kwa kubadili namba katika faili. Ni kama bandari yenye winchi nne ambayo mkuu wake, akiona meli zimepanga foleni nje, anaamuru ziingie zote gatini, zikawa zinasongamana na kunyang'anyana winchi zilezile, na kila moja ikachelewa kuliko ilivyokuwa ikingoja baharini. Watunzaji wa HikariCP, chombo maarufu cha kutunza akiba ya miunganisho katika programu za Java, hufundisha kuanzia na viini vya kichakato mara mbili ukijumlisha idadi ya diski. Seva ya viini 8 na diski moja hupata 17. Chombo chao chenyewe huja na 10. Mwenye kuamini kwamba 2,000 ni ukarimu kwa wateja na ajibu namba hiyo.

Kuna na hatari nyingine, ambayo sikumbuki kuisikia ikitajwa katika kikao chochote cha kupandisha kikomo. Kila muunganisho una haki ya kuomba kumbukumbu yake ya kupangia data, megabaiti 4 kwa kila mpango mmoja katika PostgreSQL isiyobadilishwa, na ombi moja laweza kuwa na mipango kadhaa. Kumbukumbu ya mashine ikiisha, Linux huchagua mchakato mmoja na kuuua. Na PostgreSQL, ikiona mmoja wa michakato yake umeuawa namna hiyo, haiwezi kuwa na yakini kwamba kumbukumbu ya pamoja imesalimika. Kwa hiyo huwatoa watu wote waliomo, ikajifunga, na kuanza kujirekebisha kutoka katika daftari lake. Kikomo cha 100 kilikuwa kikimkataa mteja aliyezidi peke yake. Kikomo kilichopandishwa bila ya hesabu huwafukuza wote kwa pamoja, pamoja na aliyekuwa katikati ya kulipa.

Tena kuna vikomo ambavyo `max_connections` haivigusi kabisa. Programu inayofungua muunganisho mpya kwa kila ukurasa hutumia poti za muda za Linux, ambazo kwa kawaida ni kuanzia 32768 hadi 60999, yaani 28,232. Na kila poti iliyofungwa hushikwa sekunde 60 kabla ya kuachiliwa. Kama hakuna ruhusa ya kuzitumia upya mapema, mashine moja haiwezi kufungua zaidi ya miunganisho 470 hivi kwa sekunde kuelekea hifadhidata moja, hata kama hifadhidata hiyo imekaa tupu. Vilevile, nakala 8 za programu zenye akiba ya miunganisho 10 kila moja ni 80, nazo zinaenea katika 97 zinazobaki baada ya PostgreSQL kutenga 3 za msimamizi. Lakini siku ya kuweka toleo jipya, nakala za zamani na mpya zikiwa hai kwa pamoja, ni 160. Kosa hutokea siku ya toleo jipya tu, kisha likapotea, na lawama humwendea mwandishi wa toleo ambalo halina hatia.

Wanaosema basi tuongeze seva na wasome taarifa ya Amazon juu ya tarehe 25 Novemba 2020. Kinesis, huduma yao ya kupokea data inayomiminika mfululizo, ilianguka baada ya kuongezewa mashine, kwa kuwa kila mashine ya mbele ilifungua uzi mmoja kwa kila mwenzake, na wenzake walipozidi, zote zikavuka kikomo cha nyuzi kinachoruhusiwa na mfumo endeshi.

Nne: kwamba programu ijaribu tena

Kujaribu tena kwa kiasi, kwa kungoja muda unaorefuka na usiolingana baina ya programu na programu, ni jambo jema. Kinachofanyika aghalabu ni kingine: tabaka tatu za programu, kila moja ikiagizwa kujaribu mara tatu papo hapo, hugeuza ombi moja la mteja kuwa mapigo 27 juu ya hifadhidata iliyokwisha kulemewa. Tarehe 20 Septemba 2015 DynamoDB, hifadhidata ya Amazon, ilipatwa na mtikisiko mfupi wa mtandao. Seva zake za kuhifadhi data zikaenda kuuliza habari zao katika huduma ya ndani, zikachelewa kujibiwa, zikauliza tena, na mtikisiko mfupi ukawa msiba wa saa kadhaa, hata wenyewe wakalazimika kuyasitisha maombi hayo ili wapate kuongeza uwezo.

Lakini dhara linalonisononesha zaidi ni la fedha za watu. Muunganisho ukikatika baada ya programu kutuma amri ya kukamilisha muamala na kabla ya kupata jibu, programu haijui kama fedha zimekatwa au hazikukatwa. Ikijaribu tena bila ya kila malipo kuwa na namba yake ya pekee ambayo hifadhidata itakataa kuiandika mara mbili, hulipa mara mbili. Mama anayelipa ada ya mwanawe kwa simu, akakatwa mara mbili, hupanga foleni kaunta kwa siku kadhaa kudai fedha zake, na katika taarifa ya mafundi siku ile imeandikwa kwamba hitilafu ilijirekebisha yenyewe.

Tano: kwamba biashara haingoji

Hii ndiyo nguzo, na ndiyo inayowafunga midomo mafundi vijana ambao wangependa kutazama kabla ya kubonyeza. Sikatai kwamba uko wakati seva haina budi kuwashwa upya. Ninachokikataa ni dhana ya kwamba kuchunguza na kuhudumia ni mambo yanayogombana. Kuchukua orodha ya miunganisho na kuihifadhi katika faili ni kazi ya sekunde chache. Orodha ya makufuli, sekunde chache nyingine. Hali ya soketi katika mashine zote mbili, na saa zao zikiwa zimelinganishwa, haifiki dakika moja. Hayo yaweza kuandikwa katika hati fupi inayojiendesha, ikachukua picha hiyo kila miunganisho inapovuka robo tatu ya kikomo, bila ya kumngoja fundi aamke. Na pale ambapo orodha yamwonyesha wazi mwenye kosa, amri moja humtoa huyo peke yake, wengine wakaendelea kuhudumiwa, na seva haikuzimwa kamwe. Mwenye haraka ya kweli angeichagua njia hii, kwa kuwa kuwasha upya humkatia huduma hata yule ambaye alikuwa akihudumiwa vizuri.

Nawaomba basi wakuu wa idara, ambao ndio wanaopiga simu na kuamuru seva izimwe, waandike kanuni moja na kuibandika ukutani: hakuna seva ya hifadhidata itakayozimwa kwa ajili ya kosa la muunganisho kabla ya orodha ya miunganisho na makufuli kuhifadhiwa, na hakuna taarifa itakayokubaliwa yenye neno mtandao isiyotaja sehemu ya mtandao iliyopimwa, saa iliyopimwa, na kipimo kilichopatikana. Na mwisho wa mwezi huu mishahara itakapoingia, wamwachie fundi wa zamu dakika tano, bila ya kumpigia simu.